Kinga ya Lenzi na Dhana ya Uyakinifu katika Picha za Bernd na Hilla Becher

1.0 Utangulizi

Mwaka 1959 Bernd na Hilla Becher walianza kupiga pamoja picha za majengo ya viwanda katika eneo la Siegen, Ujerumani Magharibi. Kwa miongo kadhaa iliyofuata walipiga picha za minara ya maji, matangi ya gesi, tanuri za kuyeyushia chuma na minara ya migodi ya makaa ya mawe, kwanza nchini mwao, kisha Ubelgiji, Ufaransa, Uingereza na Marekani. Namna yao ya kufanya kazi haikubadilika sana. Walitumia kamera kubwa ya mvukuto na filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, wakasubiri anga la mawingu, wakaliweka jengo katikati ya fremu, na kwa kawaida hawakumwingiza binadamu. Kitabu chao Anonyme Skulpturen kilitoka mwaka 1970. Mwaka 1990 walitunukiwa Simba wa Dhahabu katika maonesho ya Venice, tena kwa upande wa uchongaji, ingawa walichopeleka kilikuwa picha.

Neno linalojirudia katika uhakiki wa kazi hizi ni uyakinifu, yaani hali ya picha kuonesha kitu kilivyo bila kuegemea hisia za mpigaji. Neno hilo lina msingi, kwa kuwa wasanii hawa wanapokea urithi wa Neue Sachlichkeit wa August Sander na Albert Renger-Patzsch. Tatizo ni kwamba uyakinifu huo huelezwa mara nyingi kwa njia ya ukosefu: hakuna jua, hakuna kivuli kikali, hakuna pembe ya kushtua, hakuna mtu. Msomaji huachwa akiamini kwamba mpigaji alijiondoa, na kamera ikafanya kazi yenyewe. Makala haya yanapinga imani hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba uyakinifu wa picha hizi ni tokeo la kazi ya kuzuia, na kwamba kazi hiyo huonekana waziwazi zaidi katika kifaa ambacho uhakiki haukitaji kabisa: kinga ya lenzi inayorekebishika.

2.0 Kifaa na Kazi Yake

Vilém Flusser, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu falsafa ya upigaji picha, aliieleza kamera kuwa ni sanduku jeusi: mtumiaji anajua kinachoingia na kinachotoka, lakini hajui kinachotendeka ndani. Kwa mtazamo huo, uhakiki wa picha unapaswa kulimulika sanduku lenyewe. Wito huu unafaa hapa, kwa sababu ndani ya kamera ya mvukuto ndimo tatizo linamoanzia.

Lenzi ya kamera hiyo hutupa duara la taswira lililo kubwa kuliko filamu. Ukubwa huo ni wa makusudi. Ndio unaomwezesha mpigaji kupandisha lenzi huku filamu ikibaki wima, ili mnara mrefu upigwe wote bila mistari yake ya wima kukaribiana kuelekea kileleni. Lakini sehemu ya duara isiyoangukia filamu haipotei. Huangukia kuta za ndani za mvukuto, ikatawanyika, na sehemu yake ikarudi kwenye filamu. Zaidi ya hapo, kila uso wa kioo usio na utando wa kupunguza mng'ao hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaoufikia. Utando huo, uliopata hataza katika kampuni ya Zeiss mwaka 1935, ulipunguza sana mng'ao baina ya vioo. Hata hivyo, haukuweza kuzuia mwanga uliokwisha kupita kwenye lenzi usizipige kuta za mvukuto.

Kinga ya lenzi hushughulikia tatizo hili kabla mwanga haujaingia. Nayo ni mvukuto mdogo uliofungwa mbele ya lenzi, unaovutwa au kukunjwa kulingana na lenzi iliyopo. Faida ya kurekebishika kwake inaonekana hasa lenzi inapopandishwa. Kamera huwa inatazama juu ya mhimili wake, na kinga iliyonyooshwa sawasawa itaziba miale ya juu. Hivyo kinga nayo hulazimika kusogezwa au kuinamishwa kuelekea juu. Kipimo chake hakisomwi kwenye namba. Mpigaji hulipunguza tundu la lenzi hadi kiwango atakachopigia, kisha hutazama kupitia pembe zilizokatwa za kioo cha kulengea. Kwa kuwa taswira kwenye kioo hicho imepinduka, pembe za juu za picha hukaguliwa chini ya kioo. Kinga huvutwa taratibu mpaka ukingo wake uanze kulila tundu hilo, kisha hurudishwa nyuma kidogo. Kazi nzima, kwa hiyo, hufanyika baina ya makosa mawili. Kinga ikiwa fupi mno, mwanga wa ziada huingia. Ikiwa ndefu mno, pembe za picha huwa nyeusi.

3.0 Anga la Mawingu na Utando wa Mwanga

Wahakiki wameliona anga la mawingu kuwa ndilo chanzo cha utulivu wa picha za akina Becher. Ni kweli kwamba mawingu huondoa vivuli vikali na kuzifanya sehemu zote za jengo zisomeke. Lakini anga hilohilo ni chanzo kikubwa cha mwanga wa ziada. Jua lina mahali pake, na mpigaji anaweza kulipa kisogo. Anga la mawingu limetanda pande zote. Tena, mawingu yanapofunika anga lote kwa uzito ulio sawa, utosi wa anga huwa na mng'ao wa takriban mara 3 ya ule wa upeo wa macho. Maana yake ni kwamba anga lililo nje ya fremu, juu ya mnara, lina nguvu kuliko anga linaloonekana ndani ya picha.

Athari yake inaweza kupimwa kwa hesabu ndogo. Ichukuliwe kwamba sehemu angavu ya taswira ina vipimo 1,000 vya mwanga, na sehemu yake yenye giza ina kipimo 1. Uwiano ni 1,000 kwa 1. Mwanga wa ziada wa vipimo 5 ukienea sawasawa juu ya filamu, sehemu angavu inakuwa 1,005 na sehemu ya giza inakuwa 6, na uwiano unashuka hadi takriban 168 kwa 1. Anga halibadiliki kwa kiasi cha kuonekana, ilhali kivuli kimeongezeka mara 6. Utando huo, basi, huiharibu zaidi sehemu ya giza. Katika mnara wa mgodi uliojengwa kwa vyuma vyembamba vilivyopishana mbele ya anga jeupe, sehemu ya giza ndiyo mnara wenyewe.

Hapa maelezo ya uyakinifu kwa njia ya ukosefu yanashindwa. Mpigaji anayechagua anga la mawingu ili asiliongezee jengo tamthilia ya jua hawezi kuishia kwenye uchaguzi huo. Uchaguzi wake unamletea adui mwingine, naye hana budi kumkabili, iwe kwa mvukuto wa kinga, kwa kadi nyeusi au kwa kiganja. Uwazi wa chuma mbele ya anga, ambao mtazamaji anaupokea kama tabia ya chuma, ni uwazi uliolindwa.

4.0 Jedwali la Picha na Tofauti za Uongo

Akina Becher hawakuonesha minara mmojammoja tu. Walipanga picha 9, 12 au 15 katika jedwali, zikiwa na ukubwa na mkao unaofanana, ili jicho lilinganishe. Ulinganisho huo una sharti moja kali: tofauti zinazoonekana zitokane na majengo. Picha moja ikiwa na utando wa mwanga, tangi lake litaonekana laini na la kijivu kuliko jirani zake, na mtazamaji ataisoma hitilafu ya kamera kama sifa ya tangi. Picha nyingine ikiwa na pembe nyeusi, anga lake litamtangaza mpigaji aliyekusudia kutoonekana. Makosa yote mawili huzaa tofauti ya uongo.

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, fani na maudhui huelezwa mara nyingi kama pande mbili za sarafu moja. Mara nyingi pia kauli hiyo hutajwa katika utangulizi na kusahauliwa katika uchambuzi, ambapo fani hugeuka kuwa orodha ya mbinu. Jedwali la akina Becher linarudisha uzito wa kauli hiyo. Maudhui yake ni ulinganifu na tofauti za majengo yasiyo na msanifu anayejulikana. Maudhui hayo hayapo hadi kiwango cha giza kiwe sawa kutoka picha hadi picha. Udhibiti wa mwanga wa ziada si pambo la ufundi lililoongezwa juu ya hoja iliyokamilika, bali ni sehemu ya hoja.

5.0 Kuzuia na Kuacha

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba, ikiwa uyakinifu ni kazi ya kuzuia, basi kuzuia mwanga na kumwacha mfanyakazi nje ya picha ni tendo moja, na kwamba kuisifu kinga ya lenzi ni kuhalalisha ukimya wa picha hizi kuhusu watu walioishi kwa jasho ndani ya viwanda hivyo.

Pingamizi hili linachanganya mambo mawili. Kinga ya lenzi huzuia kile ambacho kisingekuwamo katika picha kwa vyovyote. Mwanga wa utosi wa anga hauna taswira kwenye filamu. Una madhara tu. Fremu, kwa upande wake, na saa ya kupiga, huacha nje kile ambacho kingeweza kuwamo: mchimbaji anayetoka zamu, nguo zilizoanikwa karibu na ukuta wa kiwanda, moshi. Uzuiaji wa kwanza hudai usahihi na unaweza kupimwa kwa kigezo hicho. Uzuiaji wa pili ni uamuzi wa maana, na mwenye kuufanya anaweza kuulizwa sababu. Uhakiki unaoviita vyote viwili uyakinifu humpa mpigaji kinga asiyostahili, kwa kuwa huufanya uamuzi wake uonekane kama sheria ya mwanga. Uhakiki unaoviita vyote viwili udanganyifu nao hukosea, kwa kuwa huupuuza usahihi ambao bila huo picha hizi zisingekuwa ushahidi wa majengo ambayo mengi yake yamekwisha kubomolewa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba anga la mawingu, linalosifiwa kuwa chanzo cha uyakinifu wa picha za Bernd na Hilla Becher, ndilo pia tishio kubwa kwa uyakinifu huo, na kwamba jedwali la picha hupoteza maana yake mwanga wa ziada usipodhibitiwa. Imebainishwa pia kwamba kuzuia mwanga na kuacha watu nje ya fremu ni matendo mawili yanayodai hukumu mbili tofauti. Mhakiki wa picha za aina hii anashauriwa kuanza na pembe za anga na vivuli vya chuma, kabla ya kutamka neno uyakinifu. Pembe zikiwa safi na vivuli vikiwa vizito, kuna mtu aliyesimama nyuma ya kamera akirudisha kinga nyuma kidogo. Baada ya kumtambua mtu huyo, ndipo inapowezekana kumuuliza kwa haki ni nani aliyemwacha nje ya picha, na kwa nini.