Mifarishi ya Harriet Powers: Mtunzi wa Viraka na Kalamu za Wengine

Katika uhakiki wa sanaa ya watu weusi wa Marekani, mifarishi miwili ya Harriet Powers imezoea kutajwa kama mfano wa usimulizi wa watu wasiojua kuandika. Mfarishi ni shuka nene la matabaka, lililotiwa pamba katikati na kushonwa toka upande mmoja hadi wa pili. Powers alizaliwa utumwani mwaka 1837 karibu na mji wa Athens, jimbo la Georgia, akafariki mwaka 1910. Alikata vipande vidogo vya nguo kwa maumbo ya watu, wanyama, jua na nyota, akavishona juu ya miraba, kwa mkono na kwa cherehani, hata kila mraba ukawa tukio kamili. Mfarishi wa kwanza, ulioonyeshwa Athens mwaka 1886, una matukio 11 ya Biblia. Umehifadhiwa Washington na taasisi ya Smithsonian. Wa pili, wa miaka ya 1890, una matukio 15 na umo katika jumba la makumbusho ya sanaa la Boston.

Sehemu kubwa ya yale yanayosemwa kuhusu mfarishi wa kwanza imepitia kalamu ya mtu mmoja. Jennie Smith, mwalimu wa sanaa wa kizungu, aliuona kwenye maonyesho ya pamba akataka kuununua, Powers akakataa. Miaka michache baadaye ufukara ukamshurutisha. Aliomba dola 10, akapewa 5, kisha akaeleza kila mraba, naye Smith akayaandika maelezo hayo. Ndani ya maandishi hayo usemi wa Powers umeendelezwa kwa namna ya kuigiza lafudhi ya weusi wa mashambani, ilhali usemi wa mwandishi mwenyewe ni Kiingereza sanifu. Maneno mashuhuri yanayouita mfarishi uzao mpendwa wa akili ya mtunzi, yanayorudiwa mara kwa mara kana kwamba yametoka kinywani mwa Powers, ni ya Smith. Hata huzuni ya muuzaji inasimuliwa na mnunuzi: eti ilipungua kidogo alipoahidiwa kuwekewa vitambaa vyote vya mabaki.

Mwaka 2009 Kyra E. Hicks alichapisha kitabu kinachotoa habari za barua ya Powers ya mwaka 1896. Humo Powers anaeleza kwamba alijifunza kusoma kwa msaada wa watoto wa kizungu, na kwamba alikuwa ameshona mifarishi mingine pia. Kwa hiyo hoja ya kwamba alishona kwa kuwa herufi zilimshinda haina tena mguu wa kusimamia. Kitambaa hakikuwa badala ya karatasi. Powers alikichagua.

Suala hili si geni Lubumbashi. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyechora historia ya Zaire katika mfululizo wa tablo, alikuwa mtu wa kalamu pia: maandishi ya Kifaransa yamo juu ya picha zake mwenyewe, na masimulizi yake aliyatoa kwa Kiswahili cha Shaba mbele ya Johannes Fabian, mwaka 1973 na 1974. Msomaji wa kitabu cha Fabian cha mwaka 1996 huyapata masimulizi hayo kwa Kiingereza. Hata hivyo Tshibumba alinaswa sauti, na maswali aliyoulizwa yanajulikana. Kwa Powers hakuna sauti wala maswali. Lililobaki ni maandishi ya Smith na kitambaa chenyewe.

Basi fani ya kitambaa ndiyo inayostahili kusikilizwa kwanza, na mfarishi wa Boston una mengi ya kusema. Miraba yake imepangwa safu tatu, mitano mitano. Siku ya giza ya mwaka 1780 imewekwa baina ya Ayubu na nyoka wa Musa. Anguko la nyota la tarehe 13 Novemba 1833, lililotokea miaka minne kabla ya mtunzi kuzaliwa, ni mraba wa nane, yaani katikati hasa ya mfarishi wote, na kila upande wake umelindwa na mraba wa wanyama walioumbwa wawili wawili. Mpangilio wa namna hii hautokani na kusahau-sahau wala na porojo. Kumbukumbu iliyopokewa kwa midomo ya wazee imepewa kiti cha katikati, na Maandiko Matakatifu yamepangwa kuizunguka. Katika mfarishi wa kwanza tayari kuna dalili hiyo: vipande 30 vya fedha vya Yuda vimekatwa katika kitambaa cha kijani, na miguuni pake kuna duara kubwa ambalo, kwa mujibu wa maelezo, ni nyota iliyoonekana mwaka 1886.

Kuhusu asili, wako waliolinganisha mifarishi hii na nguo za viraka za Abomey. Mfanano upo, njia ya kuufikisha Georgia haijaonyeshwa.

Mraba wa 13 wa mfarishi wa Boston ndio uliowavuta wafasiri zaidi. Humo mna matajiri wa Virginia ambao hawakufundishwa lolote juu ya Mungu wakaingia adhabu ya milele, na pamoja nao Betts, nguruwe jike aliyejitawala, aliyekimbia maili 500 kutoka Georgia hadi Virginia. Wapo wanaomwona Betts kuwa mtumwa mtoro. Ufasiri huo unapendeza, lakini Virginia nayo ilikuwa nchi ya watumwa, na mtoro aliyeishia huko hakuwa amepata uhuru. Isitoshe, wafasiri hao humtoa nguruwe peke yake nje ya mraba, wakawaacha matajiri nyuma. Powers aliwashona pamoja, juu ya kitambaa kimoja: waliohukumiwa, na mnyama ambaye hakuna aliyemkamata.