Babu Cory na vifungu vyake

Kuna aina ya kumbukumbu ambayo wengi wetu tumeshaisoma zaidi ya mara moja. Mjukuu anamwandika babu aliyetoka Uholanzi baada ya vita, akashuka melini Canada au Australia na sanduku moja, akafuga ng'ombe, akazeeka, akafa amezungukwa na wajukuu. Ninazipenda, siwezi kudanganya. Ila nikimaliza huwa najiuliza: majirani wa huko alikofikia wangemwandika vipi?

Huku kwetu, kuanzia Shinyanga hadi Geita, Mzungu anayekumbukwa ni wa madini. Williamson, Mkanada wa Mwadui, alipata almasi yake mwaka 1940, akafa 1958 akiwa na miaka 50 tu, na mgodi bado unaitwa kwa jina lake. Mimi nataka kumsema mwingine, aliyeishi muda mrefu zaidi na ambaye hakuacha shimo. Aliacha vitabu.

Hans Cory alizaliwa Vienna mwaka 1888 akiitwa Koritschoner. Alifika huku enzi za Mjerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na akabaki hadi alipofariki 1962. Mjerumani aliondoka, Mwingereza akaja, uhuru ukaja, yeye yupo. Katikati hapo alibadili jina, akawa mwanasosholojia wa serikali, na sehemu kubwa ya kazi yake akaifanya Usukumani. Hata mashairi aliyakusanya: *Sikilizeni Mashairi*, kilichapishwa Mwanza mwaka 1958. Mhamiaji anayekusanya mashairi ya wenyeji katika lugha ya wenyeji, jamani, huyo si mpita njia.

Kitabu chake ninachokipenda ni kile cha 1953 kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka, bayeye. Hawa walichora ndani ya nyumba za chama chao, mahali ambapo asiyeingizwa haingii. Cory alihakikisha kuna nakala za michoro hiyo, na ukuta wa udongo tunaujua sote: mvua mbili tatu mbaya na umekwisha. Katika kitabu hiki mwandishi anakaa kando. Nyoka anaonekana, mkono wa mchoraji unaonekana, na wewe msomaji unaachiwa nafasi ya kushangaa.

Sasa chukua kitabu kingine, cha mwaka huohuo wa 1953, kuhusu sheria na desturi za Wasukuma. Ni mtu yuleyule, lakini kama vile kabadilisha miwani. Kila kitu kimekatwakatwa kuwa vifungu. Ndoa ya mahari, *kukwa*, ina vifungu vyake. Ile isiyo na mahari, *butende*, ambapo watoto wanabaki upande wa mama, nayo ina vyake. Talaka, mifugo, mirathi. Ukisoma unapata kanuni safi kabisa, ila humsikii mtu akibisha. Mimi nimekaa kwenye vikao vya ukoo, na ninachokumbuka zaidi ni kubisha: huyu anasema mila ni hivi, shangazi anasema hapana, kwa marehemu fulani tulifanya vile. Mwisho wanakubaliana kitu kinachomfaa mtu aliyekaa pale mbele yao, na kesho kwa mtu mwingine wanaamua tofauti. Cory alisikia mabishano hayo, lazima aliyasikia, kwa sababu aliwauliza wazee. Kwenye ukurasa hayapo. Kama mhakiki nasema hiyo ndiyo kasoro kubwa ya kitabu: kimeandika jibu na kuacha swali.

Mtu atasema hiyo ni kasoro ya mtindo tu. Ningekubali kama kitabu kingebaki rafuni. Mwaka 1961 Cory huyuhuyu alikabidhiwa kazi ya kuunganisha sheria za kimila za Tanganyika. Alifariki kabla haijakamilika. Amri zenyewe zilitangazwa 1963. Ndani ya zile za mirathi imo kanuni kwamba mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Siwezi kusema sentensi hiyo ilitoka kwenye kalamu ya Cory. Lakini lugha ni ileile ya kitabu cha 1953: fupi, safi, haibishani na mtu.

Mwaka 1990, Mwanza, Jaji Mwalusanya alilikataa zuio la mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Tukadhani ukuta umeanguka. Baadaye wajane wawili wa Shinyanga, waliofukuzwa na wakwe zao baada ya waume kufa, walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni hizo za mirathi. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba zinabagua, lakini haikuzifuta. Rufaa nayo ikagonga mwamba. Wakafika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikawaunga mkono.

Nimezisoma habari za wajane hao mara nyingi kuliko nilivyosoma kitabu cha Cory, na ndizo zilizonirudisha kwake. Fikiria kijana wa Shinyanga anayekwenda kuchimba Geita, dhahabu ya kubahatisha, mashimo ya wachimbaji wadogo. Mkewe anabaki kulima na kujenga ile nyumba ya bati. Kijana anafukiwa. Siku ya arobaini shemeji anafika, na anachosema kinaitwa mila. Ni mila ya nani? Ya wale bibi na babu waliokuwa wakibisha kikaoni, au ya karatasi?

Simchukii mzee Cory. Mtu aliyehifadhi nyoka wa bayeye huwezi kumchukia. Katika zile kumbukumbu za babu wa Kiholanzi, mjukuu huwa anafungua sanduku darini na kukuta barua. Sanduku la Cory lipo, mkusanyo wa karatasi zake umo Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Safari yangu ijayo nitaanzia kwenye za mirathi, nikitafuta pembeni mwa ukurasa jina la mzee yeyote aliyesema hapana.