Deni Lililojificha Bustanini

Ukiingia duka la bustani nchini Uingereza mwezi wa Mei, utakuta vyungu vya jeraniamu, mifuko ya mboji na mawe ya kutandaza uani. Jeraniamu nyingi zilianza safari kama vipandikizi visivyo na mizizi, vilivyokatwa na akina mama katika mabanda ya Kenya au Ethiopia, vikapandishwa ndege. Mawe mengi ya aina hiyo huchimbwa Rajasthan, India. Na aliyeijaza mboji chunguni huenda alifika kwa viza ya msimu akitokea mbali. Mwenye duka ana wafanyakazi 20 na anawajua wote kwa majina. Wale wa nyuma ya vyungu na mawe hajawahi kuwaona, na hao ndio anaotakiwa kuhakikisha kwamba hakuna aliyefanyishwa kazi kwa shuruti.

Waingereza wametunga sheria mbili kubwa kuhusu jambo hili, na kwa maoni yangu ile ya zamani ina nguvu kuliko mpya. Usiku wa tarehe 5 Februari 2004, Wachina wasiopungua 21 walizama Morecambe Bay wakiokota kombe. Maji yalijaa wakiwa mbali na ufuko, katika ghuba wasiyoijua, chini ya mnyapara aliyewapeleka huko gizani. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya leseni kwa madalali wa vibarua katika kilimo, bustani, uokotaji wa kombe na ufungashaji wa mazao. Ubora wake ni kwamba inabana pande zote mbili: dalali asiye na leseni ana kosa, na mwenye shamba anayemtumia dalali huyo naye ana kosa. Daftari la wenye leseni liko wazi kwa umma, kwa hiyo hata mwenye kitalu kidogo anaweza kulikagua kabla ya kupokea kibarua wa kwanza.

Sheria ya pili ni ile ya Utumwa Mamboleo ya 2015. Kampuni yenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka inatakiwa kutoa taarifa ya hatua ilizochukua, isainiwe na mkurugenzi. Lakini sheria hiyohiyo inairuhusu kampuni kuandika kwamba haikuchukua hatua yoyote. Duka letu la wafanyakazi 20 haliguswi kabisa, ila pale mteja mkubwa, kama halmashauri ya mji, anapolitumia dodoso la maswali kuhusu utumwa. Nimesoma taarifa nyingi za aina hii. Zinalaani utumwa kwa maneno mazito, na ni chache zinazosema nani alilipa nini kwa nani.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, kwenye fedha. Chukua kesi iliyofunguka West Midlands baada ya wahanga wawili kutoroka mwaka 2015. Genge kutoka Poland lilikuwa limewaleta watu wanaokadiriwa kufikia 400 na kuwasambaza mashambani na kwenye viwanda vya kuchambua taka. Waajiri walikuwa wakilipa mishahara, na karatasi zilikuwa safi. Fedha ziliingia kwenye akaunti zilizoshikwa na genge, na mmoja wa wanagenge alikuwa ameajiriwa ndani ya wakala wa ajira. Watu 8 walitiwa hatiani kufikia 2019. Dalili za mchezo huo hukaa kwenye orodha ya mishahara: akaunti moja kwa majina kadhaa, anwani moja kwa watu 12, namba moja ya simu inayojirudia. Karani mwenye jedwali la kompyuta anaweza kuzipanga safu hizo tatu kwa nusu saa, na hahitaji mshauri wa kulipwa.

Deni ni gumu zaidi kuonekana, kwa sababu mwajiri mwaminifu kabisa anaweza kuwa na kibarua aliyefungwa nalo. Viza ya msimu, iliyoanza kwa majaribio mwaka 2019 ikiwa na nafasi 2,500, humpa mtu miezi 6. Tuseme kijana amekopa pauni 3,000 nyumbani ili kumlipa wakala na kununua tiketi, na kila wiki, baada ya makato, chakula na kitanda, anabaki na pauni 150. Anahitaji wiki 20 kurudisha mkopo tu, bila riba, na viza yake ina wiki 26. Kijana huyo hatalalamika msimamizi akimtukana, wala hatakataa kunyunyiza dawa bila glavu, kwani akirudishwa nyumbani wiki ya nane, shamba la baba yake lililowekwa rehani linakwenda.

Kwa hiyo aulizwe wiki ya kwanza, kwa lugha yake, msimamizi akiwa mbali: ulimlipa nani, kiasi gani, ulikopa wapi? Mkataba wa 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unakataza mawakala kumtoza mfanyakazi ada. Ada ikigundulika, irudishwe kwake. Bila hivyo, kumuuliza ni kumsumbua bure.

Kwa mawe, deni lina jina lake, peshgi, yaani malipo ya awali anayopewa mchimbaji. India ilipiga marufuku kazi ya kulipia deni mwaka 1976, lakini vumbi la machimbo huharibu mapafu, mchimbaji hufa mapema, na deni humwangukia mwanawe. Mawe madogo ya njia huchongwa majumbani kwa malipo ya kila kipande, na watoto husaidia. Mkaguzi anayeishia kwenye yadi ya msafirishaji hawaoni watoto hao. Msambazaji aandike jina la machimbo kwenye ankara. Asipoweza kuyataja, mawe yake yasinunuliwe.

Na sisi Wakenya je? Dodoso za wateja wakubwa kuhusu utumwa zimeanza kufika kwenye vitalu vya Thika na Naivasha, na wapo wanaoziona kama usumbufu wa wazungu. Sikubaliani nao. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mshahara ulipwe kwa mfanyakazi mwenyewe. Akiwa hayupo, apewe tu mtu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Hata hivyo, vibarua wa siku wakiletwa na mnyapara, ni rahisi malipo ya watu 10 yakapita kwenye laini yake moja ya simu, na hakuna ajuaye alichokata. Mwenye kitalu unayesoma haya, fungua leo orodha ya malipo ya mwezi uliopita. Ukiona namba moja mbele ya majina mawili, waite wenye majina hayo mmoja mmoja, mnyapara asiwepo, uwaulize wamepokea shilingi ngapi.