Fundi Asiyekimbilia Kupiga Windows

Laptopu iliyozima kabisa ina pa kuanzia: chaja, tundu la chaja, njia ya umeme kwenye bodi. Ngumu ni ile inayowaka taa, ikazungusha feni, ikaonyesha nembo, kisha ikaganda hapohapo. Ramu iliyolegea hufanya hivyo. Diski inayokufa hufanya hivyo. Draiva mbovu, apdeti iliyokatikia njiani, hata flashi iliyosahaulika kwenye tundu la USB, vyote vinaweza kukuletea skrini ileile isiyosogea. Kwa hiyo nikitaka kumjua fundi wa kompyuta, namtazama anavyoishughulikia mashine ya namna hii.

Mtaani dawa yake inajulikana: piga Windows upya. Kazi inaisha upesi, mteja anaondoka na mashine iliyo safi kama mpya, na picha za harusi, hesabu za duka na tasnifu iliyobaki sura moja vimekwenda na maji. Tena kama ubovu ulikuwa kwenye diski, Windows mpya imejengwa juu ya sakafu ileile iliyooza, na mashine itarudi mezani. Simlaumu kijana anayefanya hivyo wakati foleni ya wateja imefika mlangoni. Ila ninayemheshimu ni mwingine, fundi mmoja wa Kariakoo ambaye nimemtazama akifanya kazi, na ambaye bisibisi kwake huwa inasubiri.

Kwanza anauliza. Mama mmoja mwalimu alimletea laptopu ambayo vidoti vyake vya Windows vilizunguka bila mwisho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii inalodi tu, haifiki popote."

"Iliharibika ghafla, au ilianza kwa kuchelewa?"

"Ilikuwa inachelewa. Nikaizoea, naiwasha ndipo naenda kuinjika chai."

"Na vitu vyako, una nakala mahali pengine?"

Mama akanyamaza kidogo. Alama za wanafunzi wake zote zilikuwa humo.

Majibu hayo mawili yalimpa fundi zaidi ya alivyoweza kupata kwa kufungua kifuniko. Mashine iliyochelewa wiki kwa wiki kabla ya kuganda inanyooshea kidole diski. Na mashine yenye alama za wanafunzi ndani yake haiguswi ovyo.

Kisha akaiwasha, akakunja mikono, akatazama. Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Tangu kitufe kibonyezwe mpaka dirisha la nywila litokee, kazi hupokezanwa. Bodi hujigawia umeme na kuiamsha prosesa. Programu iliyokaa kwenye chipu ya bodi, ambayo mafundi bado huiita bayosi hata kwenye mashine za sasa zenye UEFI, hukagua ramu, skrini, kibodi na diski. Ikiridhika, huchukua kutoka kwenye diski programu ndogo ya kuanzishia, nayo huiita Windows. Windows hupakia kiini chake, draiva, kisha huduma zake moja moja. Kila mpokeaji huacha alama yake. Nembo ya kiwanda peke yake, bila vidoti, maana yake kazi bado iko kwa bayosi. Vidoti vikianza kuzunguka, Windows imeshapokea. Kwa hiyo swali la fundi ni dogo na kali: nani alikuwa ameishika kazi ilipokwama?

Akabonyeza Caps Lock. Taa yake ndogo ikawaka, akabonyeza tena, ikazima. Basi ndani bado kuna kinachosikia. Ingekataa kubadilika, angeshuku kwamba mashine nzima imekwama. Akaangalia taa ya diski: imewaka moja kwa moja, haipepesi. Akainamisha sikio karibu na pale kiganja kinapolala mtu akichapa. Diski ya kuzunguka ya laptopu kwa kawaida huenda mizunguko 5,400 kwa dakika, na ikiwa nzima mlio wake ni wa kunong'ona. Hii ilinong'ona, ikatoa "tik", ikanong'ona, ikatoa "tik" tena.

Mtu mwenye haraka angeishia hapo, akatangaza diski mbovu. Yeye alichomoa kila kilichochomekwa, akachomeka flashi yenye Linux, akaiwasha mashine kwa kupitia hiyo. Ikawaka vizuri, haikuganda. Kwa jaribio hilo moja bodi, prosesa na skrini vilitoka kwenye orodha ya washukiwa, na ramu nayo ikapungua mashaka. Angeona dalili za ramu, angechomoa kipande kimoja, akafuta meno yake kwa ufutio wa penseli, maana unyevu na vumbi la Dar havisamehi, akakirudisha na kuwasha kabla ya kugusa kitu kingine. Habadilishi vitu viwili kwa mpigo. Ukibadilisha viwili na mashine ikapona, hujui ni kipi kilichoiponya, na ikirudi unaanza upya.

Akiwa ndani ya Linux akafungua kumbukumbu ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake, zinazoitwa SMART. Mstari wa 5 huonyesha sekta zilizoharibika zikahamishiwa kwenye akiba. Wa 197 huonyesha zilizogoma kusomeka, zinazosubiri kuamuliwa. Kwenye diski nzima mistari hiyo husoma sifuri. Kwenye diski ya mwalimu haikusoma sifuri.

Na hiyo ndiyo siri ya kuganda. Diski ikikutana na sekta mbovu haisemi mara moja kwamba imeshindwa. Hujaribu tena na tena, na Windows, iliyoomba faili ile, hukaa ikingoja jibu. Vidoti vinaendelea kuzunguka kwa sababu hakuna aliyekata tamaa.

Wapo ambao hapo wangeendesha chkdsk ili "kurepea" diski. Kwa diski inayokufa naliona hilo kosa kubwa, kwa sababu programu hiyo huisomesha diski dhaifu kwa nguvu na kuandika juu yake kabla chochote hakijaokolewa. Fundi wetu aliunganisha SSD mpya akaanza kunakili kwa ddrescue, programu iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz, na sidhani kama kuna programu inayofanana zaidi na tabia ya fundi huyu. Hubeba kwanza sehemu zinazosomeka bila shida. Ikigonga pabovu huparuka, huandika kwenye faili la ramani mahali palipobaki, kisha baadaye hurudi kupadonoa kidogo kidogo. Umeme ukikatika katikati, ramani ipo, na kazi inaendelea ilipoishia. Kwa mji wetu hilo si jambo dogo.

Aliiacha ikaenda usiku kucha. Siku ya pili SSD iliingia mahali pa diski, faili za Windows zilizokuwa zimemegeka akazirekebisha kwa sfc, na vidoti vikazunguka mara chache vikapotea. Dirisha la nywila likatokea.

Hakumpigia mwalimu simu bado. Akaizima, akaiacha ipoe, akaiwasha. Akairistati. Akachomoa chaja, akaiwasha kwa betri. Akailaza, akaiamsha. Hitilafu inayotokea mara moja moja haijaondoka eti kwa sababu mashine imewaka vizuri mara moja, na fundi anayejiheshimu hasubiri mteja ndiye aigundue nyumbani.

Mama alipokuja, akaketi, akafungua faili za alama, darasa kwa darasa, fundi akiwa amesimama pembeni. Diski ya zamani alikuwa ameifunga kwenye mfuko na kuuandikia tarehe.

"Hii kaa nayo mama, usimpe mtu aifute. Fungua kila kitu chako polepole. Ukikosa faili hata moja, niletee, nitaifuata humo."