Usione Vyaelea

Mwanafunzi wa Myanga apandaye basi la Nairobi hupita Webuye na Eldoret, kisha hufika Nakuru. Kando ya mji huo pana ziwa la magadi, na ndani ya mbuga ya taifa inayolizunguka zimo hoteli za fahari zijengwazo kwa ajili ya watalii. Mojawapo iko kwenye mteremko wa Lion Hill, upande wa mashariki wa ziwa. Yafaa tuipime hoteli ya namna hii kama tupimavyo kitabu: yamwambia nini mgeni wake, na je, iyasemayo ni kweli?

Kwanza tuipe haki yake. Fundi aliyevipanga vyumba vile juu ya mteremko aliijua kazi yake. Mgeni aketipo barazani, macho yake huteremka yenyewe hadi majini. Kitanda ni laini, chakula ni kingi, na utulivu wa jioni hauna mfano. Kazi hiyo si haba, nasi hatuna sababu ya kuibeza.

Kasoro imo katika sifa. Vijitabu vya kuwavutia watalii, karibu kila mahali penye mbuga, humwahidi mgeni Afrika iliyo kama ilivyoumbwa, isiyoguswa na mkono wa mtu. Hebu tuyapime maneno hayo pale Nakuru.

Twiga wa Rothschild, ambao wageni hawachoki kuwapiga picha, hawakuzaliwa pale tangu kale: waliletwa katika miaka ya 1970 kutoka nyanda za Soy, kati ya Eldoret na Kitale. Asili ya vifaru weupe ni Afrika Kusini. Samaki wadogo wa Ziwa Magadi walitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu, na wari wakaja kwa wingi kuwafuata samaki hao. Mbuga yenyewe, iliyofanywa ya taifa mwaka 1968, imezungushiwa ua wa umeme. Basi mkono wa mtu umegusa karibu kila kitu aonacho mgeni kutoka barazani.

Huenda msomaji akauliza: ubaya uko wapi? Mtalii amelipia raha, hakulipia somo. Ni kweli; lakini kisichoguswa na mtu hakina mlinzi, wala hakina wa kuulizwa kiharibikapo. Ziwa Nakuru hulishwa na mito, kama Njoro na Makalia, ishukayo kutoka upande wa Mau. Misitu ya huko ilipokatwa, udongo ulichukuliwa na maji. Tangu mwaka 2010 hivi ziwa limepanda likafunika lango kuu la zamani na kuua miti mingi ya ufukweni. Wataalamu hutaja kwanza mvua nyingi, lakini hawausahau uharibifu wa misitu. Magadi yalipozimuliwa, mwani uliwao na heroe, yaani flamingo, ulipungua, na wengi wao wakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Mgeni aliyeambiwa kwamba mahali hapa hapajaguswa atayaelewaje mambo haya?

Hukumu yetu basi ni hii: nyumba ni nzuri, bali sifa zake ni pungufu. Tena zajipunguzia utukufu, maana habari ya watu waliosafirisha twiga, waliosimamisha ua na wanaokesha wakilinda vifaru ni kubwa kuliko ndoto ya nchi isiyo na watu. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Nawe, msomaji, utakapoandika insha ya kusifu mahali pazuri, usiishie kwenye uzuri wake. Uliza ni nani aliyepaunda, na ni nani apatunzaye leo.