Mteja Aliyejua Kuagiza

Kwenye barabara moja ya Ngamiani, mjini Tanga, yupo fundi wa kuchora ambaye bado anafanya kazi kwa kuagizwa. Anaandika mabango ya maduka, anachora kadi za harusi, anapamba majina kwenye mikokoteni ya madafu na ubavuni mwa majahazi, na anachora sura za watu: wazazi, maharusi, marehemu. Hana bidhaa hata moja iliyo tayari. Kazi haianzi mpaka mtu aje, aketi kwenye benchi na aeleze haja yake. Nimemtazama mzee huyu kwa miaka mingi, na kila nikimtazama naona wazi zaidi kile tunachokiacha kipotee.

Mtazame akiandika bango. Anapiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki, anazichora herufi bila kukandamiza mkono, kisha anarudi nyuma hatua chache na kutazama. Jicho lake linajua mambo ambayo rula haiyajui. Herufi O anaipitisha kidogo juu ya mstari na kidogo chini yake, kwa sababu ikilinganishwa sawasawa na E itaonekana ndogo. A na V anazisogeza zikaribiane, maana miteremko yake huacha uwazi mkubwa unaolikata neno vipande viwili. Halafu anachukua ufito, anauegemeza ubaoni, anaweka juu yake mkono wenye brashi na kuivuta herufi kwa pumzi moja. Rangi ya mafuta haina huruma: ukisita katikati, mahali uliposita pataonekana mpaka bango lioze. Mpita njia hana habari na yote haya. Anachokijua ni kwamba bango la muuza nazi linasomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na kwamba linapendeza.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, ufundi wake mkubwa ni wa kuuliza. Siku moja alikuja bibi mmoja na picha ya pasipoti ya marehemu mumewe, ile ambayo mtu hupigwa akiwa amekaza shingo na kutoa macho. Ilikuwa imefifia. Alitaka ichorwe kubwa, itundikwe sebuleni kabla ya arobaini. Fundi akaifunika picha kwa karatasi nyepesi ya nailoni, akapiga juu yake miraba midogo, kisha akapiga miraba mikubwa ya idadi ileile kwenye hadibodi, apate kuihamisha sura mraba kwa mraba. Ndiyo njia ya zamani ya kukuza picha. Lakini kabla hajafungua kopo la rangi alimgeukia yule bibi.

"Mama, mzee alikuwa akivaaje kofia?"

Bibi akafikiri. Akasema aliivuta mbele, upande wa kulia kidogo, ila akiwa na furaha aliisukuma nyuma.

"Na akicheka, alianza na mdomo au na macho?"

"Macho. Mdomo ulifuata baadaye sana."

"Sasa wewe unataka kumwona vipi? Anatoka kwenda kazini, au ndiyo amerudi?"

Bibi alinyamaza. Alijifuta uso kwa upindo wa kanga, kisha akasema, "Amerudi."

Alipokuja kuichukua kazi yake aliitazama kwa muda mrefu. Kofia ilikuwa imesukumwa nyuma, na macho yalikuwa yameshaanza kucheka. "Fundi," akasema, "nyusi zake zilikuwa zimekutana." Fundi hakubishana, picha ya pasipoti ilikuwa imefifia hapohapo. Akachovya brashi ndogo, akazikutanisha nyusi. Bibi akasema neno moja: "Ndiye."

Nusu ya kazi ile ilikuwa ya yule bibi. Hakujua kushika brashi, lakini alijua kuagiza. Alikubali kuulizwa, akachimba kumbukumbu, akatoa kilichokuwa chake peke yake, na alipoona kasoro alijua kuitaja. Ndivyo walivyokuwa wateja wa zamani katika pwani yetu. Mwenye nyumba wa Zanzibar au Lamu aliketi na fundi wa milango wakazungumza juu ya nakshi kabla ubao haujaguswa. Bwana harusi alishonewa kofia ya vito iliyolingana na kichwa chake na hadhi ya kwao. Kuagiza kulikuwa sehemu ya malezi. Watoto waliwaona wazazi wao wakiagiza, wakajifunza.

Tunapenda kulitaja jina la Edward Saidi Tingatinga, na tuna haki ya kujivunia. Mtoto huyu wa Tunduru, aliyezaliwa mwaka 1932, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na picha zake zikawa zinauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kushika brashi, na mwaka 1990 ushirika wao ukasajiliwa. Hata leo anayenunua picha zao zaidi ni mgeni, ambaye huchagua chui au tembo aliyekwisha kuchorwa na kuondoka naye uwanja wa ndege. Sisi tulio jirani, tunaoweza kuketi na wachoraji hao tukawasimulia habari za nyumbani kwetu, tumewapa mgongo.

Leo mteja huja na simu mkononi. Anaonyesha kadi ya harusi ya watu asiowajua na kusema, "Nifanyie kama hii, badilisha majina tu." Anaitaka kesho asubuhi. Akitajiwa bei anashangaa: kwani si kubonyeza tu? Mwingine hulipa kwa ahadi ya kukutangaza kwa marafiki zake. Nawafahamu vijana wanaosanifu kwa kompyuta, waliojiajiri wenyewe, wenye jicho kali kama la mzee wa Ngamiani. Kwenye kioo cha kompyuta pia O lazima ivuke mstari, na wao wanalijua hilo. Wangeweza kuuliza maswali mazuri, lakini mteja hataki kuulizwa. Anaona swali ni ucheleweshaji, au ni dalili kwamba fundi hajui kazi. Ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayomlinda mbunifu asiibiwe kazi yake. Lakini sheria haiwezi kumlinda fundi ambaye kila mteja wake anamtaka anakili kazi ya mwingine.

Matokeo yake tunayaona. Kadi za harusi za mji mzima zina maua yaleyale. Mabango ya vinyozi yana sura zilezile. Picha za marehemu wetu zimesafishwa kwa programu za simu mpaka makunyanzi yametoweka, na pamoja na makunyanzi ametoweka mzee mwenyewe. Halafu tunawalaumu vijana kwamba kazi zao zinafanana, ilhali sisi ndio tuliowaagiza zifanane.

Mzee wa Ngamiani hana mwanafunzi sasa. Wa mwisho aliondoka akaenda kuendesha bodaboda, na siwezi kumlaumu, maana abiria hulipa bila kuomba apunguziwe mpaka senti ya mwisho. Siku mzee akiweka brashi chini, hadibodi zitaendelea kuuzwa, na kupiga miraba mtu yeyote anaweza kufundishwa kwa siku moja. Tutakosa mtu wa kumuuliza mjane jinsi mumewe alivyovaa kofia. Na baada ya muda tutamkosa hata mjane anayetarajia kuulizwa, kwa kuwa atakuwa hajawahi kuona fundi akiuliza.