Tenda Wema Ubaki

Waswahili tuna methali ya tenda wema nenda zako, na mashujaa wa katuni za Kimarekani ni kama wameumbwa waitekeleze. Superman anashuka kutoka mawinguni, anaidaka ndege inayoporomoka, anaitua taratibu, anawapungia abiria mkono, anapaa. Usiku huo abiria walilala wapi, nani aliwapa chakula, nani kati yao alikuwa na damu ya mtu mikononi: hayo hayamhusu. Keshafika mji mwingine.

Kuna kitabu kimoja kinachomnyima shujaa wake hiyo nenda zako. Kinaitwa Wonder Woman: The Hiketeia. DC Comics walikitoa mwaka 2002. Mwandishi ni Greg Rucka, mchoraji ni J.G. Jones, na aliyeikoleza wino michoro yake ni Wade von Grawbadger. Ni kitabu chembamba, cha kusomwa kwa mkao mmoja. Mimi nimekisoma mara nyingi kuliko riwaya kadhaa nene zilizopo kwenye rafu yangu, na kila nikikirudia nakuta kwamba kazi ngumu ya huruma imefanywa mahali ambapo mara ya kwanza nilipita mbio.

Kisa chenyewe hakina mizunguko. Diana, ambaye dunia inamwita Wonder Woman, ni binti mfalme wa Themyscira, kisiwa cha Waamazoni, na hapa ni balozi wa kisiwa hicho mjini New York. Siku moja mlangoni pake anakuja msichana anayeitwa Danielle Wellys. Anapiga magoti na kuomba ulinzi kwa utaratibu wa Wayunani wa kale, ule unaoitwa hiketeia. Diana hamwulizi umefanya nini. Anamkubali. Baadaye ndipo tunapojua kwamba Danielle ameua: huko Gotham walikuwapo wanaume waliomharibu dada yake kwa dawa za kulevya, wakamuuza mwili, wakamuua, naye akawafuata na kuwamaliza. Batman, ambaye Gotham ni mji wake, anamtafuta muuaji huyo. Na nje ya ubalozi wamesimama Erinyes, wale roho watatu wa kisasi wa Wayunani, wakisubiri. Hawamsubiri Danielle. Wanamsubiri Diana akivunje kiapo cha kumlinda msichana huyo, wamrarue.

Desturi yenyewe haikubuniwa na Rucka. Kwa Wayunani wa kale, mtu aliyeishiwa na njia zote alimwendea mwenye nguvu, akamshika magoti, pengine na kidevu, akaomba. Aliyeombwa akikubali, jambo hilo halikuwa tena baina ya watu wawili, kwa sababu Zeus mwenyewe alihesabiwa kuwa mlinzi wa waombaji. Katika Iliad ya Homer, mzee Priam, mfalme wa Troy, anaingia usiku katika hema la Achilles kuiomba maiti ya mwanawe, anamshika magoti na kuibusu mikono iliyomuua mtoto huyo. Rucka ameichukua desturi hiyo nzima nzima na kuiweka katika jiji la magari ya teksi na simu, na mambo yanawezekana kwa sababu Diana, kwa malezi yake ya kisiwani, ni mtu ambaye sheria hiyo kwake haijafa.

Sisi tunalo neno la jambo hili, na ndilo lililonisaidia kukielewa kitabu. Ni sitara. Mtu akikwambia nisitiri, haombi fedha, wala haombi umpende. Anaomba umfunike, na ukishamfunika huwezi kuiondoa nguo hiyo kabla ya siku yake bila wewe mwenyewe kubaki uchi. Bibi yangu, aliyeishi Tanga, aliwahi kumsitiri mwanamke mmoja kijana aliyekimbia nyumba ya watu. Nilikuwa mdogo, lakini pindo la kanga nalikumbuka: yule mwanamke alilishika pindo la kanga ya bibi kwa vidole viwili tu, hakuvuta, na hakuliachia hadi bibi aliposema, ingia ndani mwanangu. Maneno matatu. Kilichofuata ni miezi. Watu walikuja barazani kumdai, mara kwa heshima, mara kwa ukali. Shoga wa bibi wa miaka mingi aliacha kupita kumsalimu. Chungu kilipikwa kikubwa zaidi kwa fedha ileile. Bibi hakuwahi kutueleza yule mwanamke alikuwa amefanya nini, na mpaka leo sijui. Nilipokifungua kitabu cha Rucka ukubwani na kumkuta Diana hamwulizi Danielle lolote, nilimjua mara moja.

Hapo ndipo sanaa ya watu hawa inaponigusa. Katuni ya shujaa ni sanaa ya miili iliyosimama. Wachoraji wake hufundishwa kuchora mabega, vifua, ngumi, watu wanaotazama mji kutoka juu ya paa. Jones anajua kuchora hayo yote, na ameyachora. Lakini nguzo ya kitabu hiki ni goti. Mnyonge anapiga magoti mwanzoni, na kuanzia hapo kila anayeinama, kila anayeanguka, kila anayesimama wima huku mwenziwe yuko chini, anatukumbusha lile goti la kwanza. Mwandishi wa riwaya angehitaji kutueleza kwamba mambo haya mawili yanafanana. Mchoraji anayapanga tu mbele ya macho, kisha anaacha ule mwanya mweupe kati ya kisanduku na kisanduku, nasi wenyewe tunaunganisha.

Angalia anavyotendewa Batman. Ni mtu ambaye tangu mwaka 1939 amechorwa akiwa juu: juu ya paa, juu ya sanamu za mawe, kivuli chake kikiwaangukia wahalifu. Na katika kisa hiki ana haki. Hilo lisisahaulike. Anamfuata mtu aliyeua, na sheria ya nchi iko upande wake. Hajaletwa awe dubwana la kumpa Diana mtu wa kumpiga. Wanapopigana, hawezi kumshinda, maana Diana ni wa daraja nyingine ya nguvu kabisa. Basi anafanya jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo niliposoma mara ya kwanza. Anapiga magoti. Anajaribu kuomba hiketeia na yeye, ili Diana awe amefungwa kwake kama alivyofungwa kwa Danielle, mizani ilingane. Diana anamkataa. Ni tendo la akili, karibu ni hila, na bado linauma kulitazama, kwa kuwa mwili ule haujazoea kuwa chini. Anayeomba kwa kukosa njia na anayeomba ili ashinde wamepiga magoti yaleyale, na kitabu kinatuachia sisi kuona tofauti.

Jalada lake limejulikana kuliko kitabu chenyewe. Buti jekundu la Diana limekikanyaga kichwa cha Batman, uso wake umebanwa chini. Wengi wamelipenda jalada hilo kama picha ya ushindi, ya nani zaidi ya nani, na nadhani limeuza nakala nyingi kwa sababu hiyo. Mimi naliona kwa jicho jingine. Huyo mwanamke anamkanyaga rafiki yake. Anamkanyaga mtu ambaye siku nyingine yoyote angesimama naye bega kwa bega, na anafanya hivyo kwa sababu alisema ndiyo kwa msichana asiyemjua. Hapana furaha katika mguu ule. Bei ya sitara imechorwa kwa ukubwa wa jalada zima, na mnunuzi anaipita akiingia ndani.

Erinyes nao wametumiwa kwa kiasi kinachostahili sifa. Mtunzi wa tamthilia Aeschylus alipowaweka jukwaani Athens mwaka 458 kabla ya Kristo, wakimwinda Orestes aliyemuua mama yake, alimleta mungu Athena aunde baraza la kuamua, na mwisho wake wakatulizwa kwa kupewa heshima na makao. Rucka hakumpa Diana baraza. Hapana Athena wa kuja kusema huyu ana haki kiasi hiki na yule kiasi hiki. Sheria mbili zimekutana mlangoni mwa mwanamke mmoja, kila moja ni ya kweli, na hakimu hayupo. Wale watatu wanangoja tu. Mwandishi mwingine angewapa pigano. Yeye amewapa subira, na subira yao inatisha zaidi ya makucha.

Siamini kwamba uzito huu ulikuja kwa bahati. Kabla ya kumfikia Diana, Rucka alikuwa ameandika riwaya za Atticus Kodiak, mlinzi wa kukodiwa, ya kwanza ikiwa Keeper ya mwaka 1996. Ni mwandishi aliyekwisha kukaa muda mrefu na swali la nini kinampata mtu ambaye kazi yake ni kuweka mwili wake kati ya mwingine na hatari. Mlinzi hawezi kwenda zake. Analala kwenye kiti, anahesabu madirisha. Rucka alimchukua mwanamke mwenye nguvu kuliko jeshi, akampa kazi ya mlinzi wa mlangoni.

Huruma yenyewe ilikuwamo kwa Diana tangu kuzaliwa kwake. William Moulton Marston, mwanasaikolojia aliyefanya utafiti wa kupima uongo kwa shinikizo la damu, alimtoa kwa wasomaji mwaka 1941, michoro ikiwa ya H.G. Peter, vita kuu ikiwa imepamba moto. Miongoni mwa maadui wake wa mwanzo alikuwa Paula von Gunther, jasusi wa Wanazi, mwanamke katili. Mwaka 1943 Marston alifunua kwamba binti yake Paula alikuwa ameshikwa na Wanazi, na hiyo ndiyo kamba waliyomvutia. Diana anamwokoa mtoto. Paula anageuka, anakuwa mwanasayansi wa Waamazoni na rafiki wa kweli. Ni kisa kizuri, na kuandika hivyo juu ya jasusi wa adui katikati ya vita kulihitaji moyo. Ila huruma ya Marston hulipa. Ukimhurumia mtu, anatengenea. Miaka karibu 60 baadaye Rucka aliiacha imani hiyo ya Diana ilivyo, akaondoa malipo tu.

Kwa maana Danielle hatengenei, wala haokoki. Anaona kwamba Batman hataacha kumfuata, na kwamba Diana hataacha kumkinga, na kwamba mmoja wa hao wawili atakufa kwa ajili yake. Kiapo kinamfunga Diana maadamu mwombaji yu hai. Msichana anajirusha kutoka kwenye genge la mwamba. Anakufa, na Diana yuko huru, na uhuru huo ndio uchungu mkubwa kuliko yote yaliyompata kitabuni.

Wapo watakaosema basi huruma ilikuwa bure. Nimewasikia watu wakisema hivyo hata juu ya yule mgeni wa bibi, aliyeondoka alfajiri moja bila kuaga, akaacha kanga aliyoazimwa imekunjwa vizuri juu ya mkeka. Siwakubalii. Danielle alikuwa ametembea na dhambi yake na msiba wake bila mtu hata mmoja upande wake, na kwa muda fulani akalala katika nyumba ambayo mwenyewe alikuwa tayari kufa kabla hajamtoa. Sijui tutaipima vipi hiyo. Najua tu kwamba mwisho alipochagua, alichagua kumkinga aliyemkinga. Hicho ni kitu alichokipata ndani ya ubalozi ule, hakuja nacho.

Mwaka 2005, katika toleo la 219 la jarida la Wonder Woman, Rucka huyohuyo alimweka Diana upande wa pili. Adui aitwaye Maxwell Lord ameitawala akili ya Superman na kumfanya silaha. Diana anamfunga Lord kwa kamba yake ya dhahabu, ile isiyoruhusu uongo, anamwuliza namna ya kumfungua Superman, naye anajibu kwa kweli kwamba hapana njia ila auawe. Diana anamvunja shingo. Picha za tendo hilo zinarushwa duniani kote, na watu waliompenda wanaanza kumwogopa. Mtu akivisoma visa hivi viwili pamoja atamwona mwandishi mwaminifu kazini: aliyemtoza Diana kwa kuhurumia ndiye aliyemtoza kwa kutohurumia, na hakuna mahali alipompunguzia bei.

Waandishi wa katuni wanaoweza kufanya hivyo ni wachache. Ni rahisi zaidi kubuni adui mkubwa kuliko wa mwezi uliopita, na soko linaruhusu. Kuchukua nguvu zote zile, kuzifunga kwa neno moja lililosemwa mlangoni, kisha kukaa hapo na kuchora kinachotokea, kunataka mtu anayeamini kwamba msomaji wa katuni ni mtu mzima.

Ukikipata kitabu hiki, usianze na mapigano. Fungua pale msichana anapopiga magoti, itazame picha kabla ya kusoma maneno, na usigeuze ukurasa haraka.